Yule Bibi wa Mwezini

Jumamosi, 8 Novemba

Hapa mtaani kwetu Nyalukemba nzima hakuna mwanaume wa bahati kama mimi Thierry! Bibi yangu Aimée iko Minova kwa mama yake, lakini ananipigia simu kila jioni. Kila jioni! Wengine hapa wanalala na bibi zao chumba kimoja na hawaambiwi hata bonsoir.

Leo filamu kwa Maman Emérence, tantine ya Aimée, mama yake mudogo. Wamarekani wa zamani — wanaimba pahali pa kusema. Mutafsiri wa Kiingereza ni mimi, juu wote wanajua nilifika Kampala. Siku mbili, lakini nilifika! Bibi mumoja anashuka kutoka mwezini kwa ngazi ya kung'aa, anapenda fundi wa taa za barabarani. Wanaoana. Wanacheza juu ya nyumba, viatu vinalia kama mvua kwenye mabati. Halafu ngazi inashuka tena, inamuita. Pale pale — courant ya umeme ikakatika!

Cyprien, mushona viatu, akauliza kama yule bibi ataenda. Nikamuambia anaenda, anarudi, nimeiona mara mingi.

Sijaiona hata siku moja.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Courant hakuna. Nimefua kikwembe cha Aimée, kitenge kile cha bluu. Kilikuwa safi.

Jumatatu, 10 Novemba

Courant imerudi, salon ya Maman Emérence imejaa watu. Yule bibi akaanza kupanda ngazi, polepole. Fundi chini anaimba, kofia mkononi. Nikatafsiri kwa nguvu: "Usilie chéri, naenda tu kununua samaki, Jumapili niko hapa!" Watu wakacheka mpaka machozi.

Akafika juu. Ngazi ikayeyuka. Fundi akawasha taa zote za mji, moja moja, aone njia ya kurudi. Halafu maandishi. Kumbe imeisha!

Kelele! Cyprien: "Tonton Kampala, turudishie bibi yetu!" Nikasema kuna partie ya pili. Wakaenda wakicheka.

Maman Emérence akabaki, anakunja waya.

"Thierry, mutoto yangu, yule bibi hakusema kitu. Kinywa kilikuwa kimefungwa."

Nikamujibu Kiingereza cha kweli kinasemwa na kinywa kimefungwa. Hakucheka. Akauliza kama Aimée alinipigia jana. Nikasema ndiyo — na anakusalimia sana.

"Na simu gani?"

Akaitoa ndani ya kikwembe chake. Simu ya Aimée! Ile yenye kioo kimepasuka. Aimée alimuachia siku ya kuondoka, akamuambia: iache ilie, atachoka mwenyewe.

"Inalia kila jioni, baba. Naipa chaji. Kuizima, roho inaniuma."

Nikamuambia asante. Nikasahau kofia yangu kule.

Sasa niko nyumbani. Kikwembe cha bluu kimekauka. Niandike sawasawa basi: bahati hakuna. Aimée hajanipigia hata mara moja. Mimi ndiye napiga — na saa hii inaita.