Kanzu ya Mto Yordani

Tukuyu, 20 Februari 2023

Mama Mwanamize,

Shikamoo. Hunijui, na habari za nyumbani kwako sithubutu kuziuliza kwa sababu nazijua. Huku kwetu mvua haijakatika, sisi ni wazima. Uzima wako wewe ndio tunaouombea.

Jina langu ni Tupokigwe. Nilikuwa katika kundi la kanisa letu lililokwenda Yordani kuona mahali panapotajwa katika Biblia, na mwanao Talib ndiye aliyetuongoza tangu uwanja wa ndege mpaka siku aliyofariki. Anwani yako nimepewa na ofisi yake.

Siku ya kwanza alipopanda kwenye basi letu na kofia yake kichwani, mwenzangu alininong'oneza, "Huyu Mwislamu ndiye atakayetuonyesha Biblia?" Kumbe kasikia. Akageuka, akasema, "Mama zangu, mie kwetu Pemba. Nabii Musa ni wenu na ni wetu, lakini njia ya kwendea aijuaye ni mie." Basi zima lilicheka. Tukaanza kumwita Mwalimu. Akasema mama yake akisikia jina hilo atacheka, maana skuli alikuwa akitoroka.

Ijumaa ile tulipanda mlima alikofia Musa. Talib alinyoosha mkono akatuonyesha bonde lote, akasema Musa aliiona nchi kwa macho, asiingie. Kisha akakaa juu ya jiwe, akajishika kifua. Tulimfikisha hospitali. Haikusaidia.

Kofia yake nilikuwa nimemshikia, nami sikuwahi kumrudishia. Nakuletea. Sikuifua, nilidhani utapenda kuipata ilivyo.

Pole sana, mama.

Mimi, Mama Tupokigwe

*

Jadida, Wete, 6 Machi 2023

Mama Tupokigwe,

Marahaba, ingawa kwa hesabu zangu mimi na wewe tunakaribiana. Natumai barua hii inakukuta na afya, na mvua yenu imewapa chakula. Mimi nala, nalala kidogo, namshukuru Mungu.

Kofia imefika. Niliishona mwenyewe, na nilipoipokea nilitia kidole kwenye kijitundu kimoja cha nyuma ambacho nilikikosea, nikajua ndiyo yenyewe. Wakati ule namshonea alikuwa anakaribia kwenda kusoma huko Uarabuni. Nikampima kichwa kwa uzi. Hakutulia, akisema, "Mama, wanipima kichwa au wanipima akili?" Uzi ule ninao mpaka leo ndani ya kasha.

Ofisi waliponipigia simu kuniuliza azikwe huko au aletwe, nilisema azikwe, maiti hangojewi. Baba yake, marehemu Ridha, naye alikwenda kwa kifua. Kwa hilo sina neno.

Neno langu ni jingine. Jirani yangu Kazija ameletewa picha kwenye simu, imezunguka kutoka huko kwenu mpaka Wete. Talib amesimama ukingoni mwa mto, kavaa kanzu nyeupe, kichwa wazi kinachuruzika maji, na mchungaji kamwekea mkono utosini. Chini pameandikwa kwamba Mwislamu huyu alimpokea Yesu akabatizwa Yordani, na siku ile ile Bwana akamchukua.

Ami yake, Mmanga, aliitazama picha ile akanirudishia simu ya Kazija kama anayerudisha kitu kichafu. Alisema, "Shemeji, mimi sina tena mtoto wa ndugu yangu." Imamu wetu, Shehe Ame, alikuwa amekwisha panga Talib asaliwe sala ya ghaibu, ile wanayosaliwa waliofia mbali. Akasema tungoje kwanza ijulikane alikufa katika dini gani. Ijumaa nilikaa barazani nikisikiliza spika ya msikiti. Lilitajwa jina la mtu wa Makoongwe aliyefia Muscat, watu wakamsalia. La mwanangu halikutajwa.

Wewe ulikuwapo. Nakuuliza kwa jina la Mungu unayemwomba: mwanangu alibatizwa? Ukisema ndiyo, nitalia na nitabaki kuwa mama yake. Lakini nijue.

Mama yake Talib

*

Jadida, Wete, 2 Mei 2023

Mama Tupokigwe,

Hujambo? Watu wako hawajambo? Sikupata jibu. Labda barua imepotea, labda unaumwa. Kama unaumwa, Mungu akuondoshee.

Ramadhani imekwisha. Nilikuwa napika futari ya mtu mmoja, mkono ukafuata mazoea ya zamani, chungu kikawa kikubwa. Miaka yote nyumba ya Mmanga na yangu tulipelekeana sahani. Mwaka huu nilipeleka ya kwanza, ikarudi imefunikwa vile vile.

Talib alipokuwa mdogo alikuwa akisoma dua ya futari kwa sauti kuliko watu wazima, ili tujue kafunga, na makombo ya mkate wa boflo yamemganda shavuni. Baba yake akimwambia, "Shehe, jifute kwanza." Haya ndiyo ninayoyakumbuka siku hizi, madogo madogo.

Kama umepata swali langu na jawabu ni zito, liandike hivyo hivyo. Kungoja kumenichosha kuliko nilivyodhani.

Mama yake Talib

*

Tukuyu, 19 Mei 2023

Mama Mwanamize,

Shikamoo mama. Siumwi, na barua zako zote mbili nilizipata. Niko salama wa mwili.

Nakujibu mbele ya Mungu. Mwanao hakubatizwa.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa ile, kabla ya mlima. Tulikuwa tunaingia mtoni kwa zamu, kila mmoja na kanzu nyeupe aliyoinunua pale. Talib alikaa kwenye ngazi za mbao akitukataza kusukumana. Mzee wetu mmoja, Bibi Sekela, aliteleza. Maji yale yana tope, ukizama huonekani. Talib alivua kofia akanitupia mikononi: "Mama, nishikie, kaishona mama yangu, isitote!" Akaruka na nguo zake. Alimtoa Bibi Sekela akiwa hai, anakohoa. Alipopanda ngazi aliwatazama wote waliokuwa wanalia, akasema, "Nyinyi mwabatizwa, mie natota bure!" Tukacheka huku tunalia.

Alikuwa anatetemeka. Mimi sikuwa nimeingia bado, kanzu yangu ilikuwa kavu, nikamvika. Mchungaji akamwekea mkono kichwani akamshukuru Mungu kwa uhai wa Bibi Sekela. Hapo ndipo picha ilipopigwa. Nilitaka kumpa kofia yake, akasema nisubiri kichwa kikauke.

Tuliporudi, Mchungaji aliionyesha picha ile kanisani kwenye ukuta, akaiita tunda la safari. Watu walishangilia. Barua yako ya kwanza nilimpelekea kwa siri. Aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Mama Tupokigwe, wewe uliuona moyo wa yule kijana? Usiwazimie watu taa." Nikarudi nyumbani na barua yako, nikawa naisoma jioni nikimaliza kazi.

Ya pili ilipofika nilishindwa na ile sahani iliyorudi. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama nikasema kama nilivyokuandikia hapa. Bibi Sekela naye akasimama na fimbo yake, akasema, "Aliyeanguka ni mimi. Kijana wa watu aliniokoa, akalowa, akafa. Mnamtaka nini tena?" Mchungaji aliomba kipaza sauti kizimwe.

Sasa nimeambiwa nipumzike kwaya. Nimeimba kwaya ile tangu nikiwa msichana. Sokoni wananisalimia, ila hawasimami.

Onyesha barua hii kwa yeyote umtakaye.

Mwenzako, Mama Tupokigwe

*

Jadida, Wete, 5 Juni 2023

Dada Tupokigwe,

Nakwita dada, uniwie radhi kama nimevuka mpaka. U hali gani, na Bibi Sekela je, kifua chake kimepona maji yale? Mimi leo nimeamka na nguvu, nimefagia uwa wote.

Barua yako nimeipeleka kwa Shehe Ame, naye akamwita Mmanga. Niliisoma mwenyewe mbele yao. Nilipofika pale pa "mie natota bure", Shehe aligeuka dirishani. Alimfundisha Talib Kurani chuoni, sauti ile anaijua.

Mmanga akasema, "Yaani tutegemee maneno ya mwanamke wa Kikristo?"

Shehe akamwambia, "Mmanga, mtu husema uongo apate kitu. Huyu kasema, kakosa kwaya yake. Wewe uliyeamini picha, umekosa nini?"

Mmanga hakuondoka. Imekubaliwa kwamba Ijumaa ya kwanza baada ya Idi kubwa atasaliwa. Nimekwenda kumwambia Ridha kaburini kwake.

Nina ombi la mwisho. Ofisi waliniambia alizikwa tu, na simu ikakatika. Nani alimuosha? Alivikwa sanda gani? Mama aliyezika huyaona haya kwa macho, mimi inabidi niyaombe. Usinifiche hata uzi mmoja.

Dada yako, Mwanamize

*

Tukuyu, 14 Juni 2023

Dada Mwanamize,

Salamu zako zimenifikia, na jina ulilonipa nimelipokea. Bibi Sekela anakohoa bado, anakusalimia, anasema akikumbuka mikono ya Talib hulia.

Aliyemuosha ni dereva wetu, Mwarabu mtu mzima, pamoja na wafanyakazi wenzake wawili. Walimsalia msikitini baada ya alasiri, kisha wakamzika. Wanawake tulikaa nje ya ukuta wa makaburi.

Kuhusu sanda, dada, nilitumaini hutauliza.

Ilikuwa Ijumaa na maduka ya mji ule mdogo yalikuwa yamefungwa. Kitambaa kilichopatikana kilikuwa kifupi, na mwanao alikuwa mrefu. Dereva alitoka akatuuliza kwa ishara kama kuna mwenye kitu cheupe kisafi. Nilikuwa na kanzu yangu, ile niliyomvika asubuhi. Niliinunua nije nizikwe nayo. Wengi waendao kule hufanya hivyo. Dereva alionyesha kwamba nguo iliyoshonwa haifai. Nikakaa chini nje ya chumba nikafumua mishono yote, na picha ya ubatizo iliyotariziwa kifuani nikaitoa uzi kwa uzi mpaka kikabaki kitambaa kitupu. Wakakiosha. Ndicho kilichotimiza sanda yake.

Najua watakavyosema wakijua. Ukiona ni heri, ichome barua hii, nami sitalisema popote.

Dada yako, Tupokigwe

*

Jadida, Wete, 10 Julai 2023

Dada Tupokigwe,

Amani iwe nyumbani mwako. Mimi mzima, miguu tu imevimba kidogo.

Barua yako ilifika Jumatano, Ijumaa yake ndiyo ya sala. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Kazija alikuwa jikoni kwangu anakuna nazi. Nikamsomea. Akasema, "Bi Mwanamize, jiko hili linawaka. Itie humu, mimi sijasikia kitu." Niliishika karibu na moto, dada, sikufichi. Kisha nikavaa buibui nikaenda nayo kwa Shehe Ame.

Aliimaliza, akavua miwani. "Bi Mwanamize, ungenyamaza."

Nikamwambia, "Nilimwapisha mwanamke wa watu asinifiche kitu. Nikawafiche nyinyi? Mkimsalia mwanangu kwa sababu hamjui, mtakuwa mmemsalia nani?"

Akasema kitambaa kilichooshwa ni kitambaa, na kwamba sala iko pale pale. Lakini akasema atawaambia watu, na hawezi kuwapanga safu kwa kuwashika mikono.

Ijumaa nilikaa barazani. Baada ya sala spika ilitoa sauti ya Shehe: tumsalie ghaibu ndugu yetu Talib bin Ridha. Dada, nilikuwa nimelingoja jina lile tangu Februari. Mara nikaona watu wanatoka msikitini na viatu mkononi. Wa mbele ni Mmanga. Alipita mbele ya baraza yangu. Nikamwita, "Shemeji." Akasema, "Kazikwa na nguo yao," akapita. Wakamfuata wanawe, na watu wa mtaa ambao Talib aliwabebea maji walipokuwa na harusi. Baadaye mume wa Kazija aliniambia waliobaki hawakutimiza safu moja. Shehe aliwasalisha hivyo hivyo.

Amesaliwa. Ilikuwa sala fupi, imekwisha kabla sijamaliza kufuta uso.

Tangu siku ile hawaji watu. Kazija huja kupitia uwani. Kofia nimeacha kushona, macho yanakataa, na walioniagizia wamekwenda kwingine.

Pamoja na barua hii nimekutumia mzigo. Ni kitambaa cha bafta nyeupe, niliinunua duka la Mohamedali mwaka aliofariki Ridha, nikaifua, nikaitia udi, nikaiweka chini ya kasha ingoje siku yangu. Huku wanawake wa umri wetu hujiwekea, tusije tukawasumbua watu. Yako umempa mwanangu, basi yangu chukua wewe. Haijakatwa wala kushonwa. Ishone mnavyoshona kwenu. Uzi mweupe uliomo ndani ni ule niliompimia Talib kichwa, umebaki mrefu, utakutosha pindo.

Usihangaike juu yangu. Nimeshamwambia Kazija, siku hiyo wanivike kitakachopatikana, hata kikiwa kifupi.

Dada yako, Mwanamize