Jeki na Mgomba wa Otai

Iyolwa, Tororo
10 Machi 2025

Kwako Baba,

Yoga noi, salamu nyingi. Hapa tunaamka salama, ila mvua imewahi mwaka huu na mguu wa mama unamsumbua. Wewe je? Nyonga inakuruhusu kulala? Masikio yako yangekuwa yanasikia ningekupigia simu, lakini Hamidah, yule anayevusha nyanya za kuuza huko kwenu, ameahidi kukufikishia barua hii mkononi, na amesema atasimama mbele yako mpaka uimalize.

Baba Mkubwa Emoit amelainika. Tangu ugonjwa ulipomlegeza upande wa kushoto hasemi sana, lakini jana baada ya kanisa aliniita akasema: "Mwambie huyo mtoro aje. Mimi ndiye niliyemzika, mimi ndiye nitakayemng'oa. Nikitangulia, atang'olewa na nani?"

Wewe unajua uzito wa maneno hayo kuliko mimi. Mimi nimekua nikicheza chini ya ule mgomba waliouzika badala yako mwaka wa vita, waliposikia umeuawa. Ulichipua, Baba. Sasa ni kichaka kizima, na watu hapa wanaziita kwa jina lako, "ndizi za Otai". Nimezila sana. Ni tamu. Wazee wa ukoo wanashikilia lile lile: aliyezikwa hivyo hakanyagi nyumbani mpaka mkono uliomzika uung'oe mgomba, na wa kumleta ni mtoto wake mwenyewe.

Kwa hiyo nitakuja na Land Cruiser. Shida ni kwamba likibeba mpunga kutoka Sop Sop linazama kila wiki, na jeki yake imekufa. Kuna duka Tororo lenye jeki za kila namna. Nichukue ipi? Umeishi chini ya malori, utaniambia.

Mwanao,
Akiror


Busia, upande wa Kenya
14 Machi 2025

Mwanangu Akiror,

Barua imenikuta mzima. Nyonga ni ile ile, na masikio niliyaacha kwenye injini za malori ya Lodwar. Hamidah alisimama kweli, na alipochoka kusimama alikaa akala chapati zangu mbili. Mpe mama yako pole ya mguu. Lile shuka alilonishonea alipokuja Krismasi ndilo ninalojifunika.

Maneno ya kaka nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Asubuhi hewa ikiwa safi, kutoka nyuma ya nyumba hii nauona mwamba wa Tororo, mdogo kama kidole gumba. Nimewahi kusimama hapo nikiitembea njia yote kwa macho: kanisa, mto, kilima cha mchanga, kwetu. Miguu ndiyo iliyokatazwa. Alinikasirikia kaka, na alikuwa na haki. Mama yetu alikufa akinililia, kumbe mimi niko hai ng'ambo na barua zangu zinapotea njiani. Kama sasa ameniita, nisipofika akiwa hai sitafika tena.

Sasa jeki. Gari lako na mzigo wake ni karibu tani nne. Chukua ya chupa, ya tani sita au nane, isiwe inafanya kazi ulimi nje. Lakini kabla ya tani, pima kimo: iweze kupita chini ya ekseli tairi likiwa halina pumzi, na ikinyooka ilifikishe gurudumu juu ya ardhi. Mwenye duka alinyanyue gari lake nayo, kisha mnywe chai. Ikishuka hata kidogo kabla kikombe hakijaisha, muage.

Kuna ile ndefu ya meno, ambayo madereva huifunga mbele ya gari kama upanga. Ni nzuri kwa gurudumu lililozama, lakini inataka bampa ya chuma hasa, na mpini wake ukikuponyoka hurudi juu na nguvu za gari zima. Nimeona taya lililovunjwa hivyo. Ukiitumia, uso wako usiwe juu ya mpini hata mara moja, na meno yasiwe na tope. Ile ya mkasi waachie wenye teksi za lami.

Tafuta na ubao wa mti mgumu, mpana kama sinia, kwa sababu kwenye tope jeki bila ubao hailiinui gari, inajizika yenyewe. Na stendi mbili za chuma. Jeki ni ya kuinulia. Kushikilia si kazi yake, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Mwambie kaka nakuja. Mwambie asiende popote.

Baba yako


Iyolwa
24 Machi 2025

Baba mpendwa,

Yoga noi. Sisi wazima, mvua ndiyo haipumziki.

Jeki ninayo! Nilimnywesha chai Mujib mwenye duka mara tatu, kwa jeki tatu. Mbili zilishuka. Akaniuliza mbele ya wateja: "Madam, wewe unanunua jeki au unachumbia?" Nikamwambia nikichumbia huwa siangalii hivi, ndiyo maana naishi peke yangu. Duka zima likacheka. Stendi pia nimepata.

Ubao mgumu sijaupata. Ben anasema nisijisumbue. Ben ni turniboi wangu, utingo wa gari, ana wajukuu wanne lakini jina la turniboi limemganda. Yeye siku zote hukata mgomba akauweka chini ya jeki. "Madam, Mungu alipanda migomba kando ya barabara sababu ya hii kazi."

Baba Mkubwa anauliza habari zako kila jioni. Analala na jembe uvunguni, amekataza mtu kuligusa. Nakuja Jumamosi tarehe tano Aprili. Nisubiri karibu na mpaka.

Mwanao,
Akiror


Busia
28 Machi 2025

Akiror mwanangu,

Salamu kwa wote, na kwa Ben pia, ingawa nina ugomvi naye.

Mgomba ni maji yaliyovikwa maganda. Ukiuwekea uzito utavumilia kidogo, kisha utatema. Nyumbani tunaukata kwa sababu uko karibu na panga liko mkononi, na siku nyingi tunaponea hapo, ndiyo maana hatujifunzi. Huo wangu ulinishikia nafasi miaka yote hii, lakini mimi ndimi niliyekuwa nakosekana.

Hamidah atakuletea ubao. Ni kipande cha benchi langu la kazi, mvule. Sina kazi nalo tena.

Ukikwama, shusha watu na mzigo. Vuta hendibreki, tia gia, weka mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini. Nati zilegeze kabla gurudumu halijaondoka ardhini. Jeki iwe chini ya ekseli, si chini ya bodi. Shusha gari juu ya stendi, na kabla mtu hajaingia lisukume kwa bega, kwa nguvu. Kama ni la kuanguka, lianguke likiwa halina mtu chini.

Begi langu liko mlangoni. Nimenyoa ndevu, kaka asije akasema nimezeeka kumshinda.

Baba yako


Busia
8 Aprili 2025

Akiror,

U mzima? Wote wazima?

Jumamosi nilikaa karibu na mpaka tangu maduka yanafunguliwa mpaka yanafungwa. Kila gari jeupe nilisimama. Hamidah hajavuka, na wenzake hawajui lolote. Leo nimerudi tena na begi. Nimewaza tope, nimewaza ule mgomba, nimewaza ningekuandikia maneno makali zaidi.

Andika neno moja tu.

Baba


Iyolwa
12 Aprili 2025

Baba yangu,

Mimi ni mzima. Ben ni mzima. Nasema hilo kwanza. Hamidah alizuiwa na mafuriko, ndiyo maana umekaa bila habari.

Jumamosi asubuhi tulizama kwenye bonde la mpunga, hapa hapa chini ya nyumbani. Nilikanyaga mafuta sana nikijaribu kujinasua, injini ikanguruma bonde zima, mpaka boliti za springi ya nyuma zikakatika. Lazima mtu aingie chini. Ubao wako uliishika jeki vizuri, haukusogea. Lakini stendi nazo zilitaka mbao, na Ben akakata mgomba akaziweka juu yake. Nilimwambia ngoja. Akavua shati. "Madam, naingia kidogo tu, natoka. Mzee anangoja huko."

Nilimshika mkanda wa suruali. Nikasema kwanza tusukume. Tukaweka mabega. Baba, mgomba uliitema stendi kama mbegu ya papai, na gari likashuka pale ambapo kifua chake kingekuwa. Ben alikaa kwenye maji akavaa shati lake kinyume.

Jirani yetu Aboth akatung'olea mlango wa jiko lake. Tukaanza upya juu ya mbao, polepole, kama ulivyoandika. Tulitoka jua likiwa linazama.

Nilipofika nyumbani nikakuta watu uani. Mama akanieleza. Baba Mkubwa alisikia injini ikinguruma bondeni, akasema, "Huyo. Wamefika." Wakamwambia ni Akiror amekwama, ndiyo kwanza anakwenda kumchukua. Akasema wao ndio viziwi. Akataka abebwe nje na jembe lake. Alichimba kwa mkono wa kulia, akipumzika, akikataa kusaidiwa, mpaka kichaka kikalala chini mizizi juu. Kisha akageuza uso kwenye njia inayopanda kutoka bondeni, akasema kwa sauti, "Otai, umechelewa sana wewe. Ingia." Akaegemea mti. Alikufa hivyo, jua likianza kuzama, akitazama njia.

Tumemzika Jumanne. Nisingesubiri ule mlango, labda ningekuwa nimekufikisha kabla ya jua kuzama. Nalifikiria hilo kila ninapowasha gari. Wazee wamekaa wakakubaliana: mkono ni wake, mgomba umeng'olewa, uko huru kuingia.

Mwanao,
Akiror


Busia
16 Aprili 2025

Akiror mwanangu,

Pole kwenu nyote. Nimelia nikamaliza, sasa naweza kushika kalamu.

Usijihukumu kwa ule mlango wa jiko. Ungeharakisha, ningefika nyumbani kwa kaka nikiwa nimekanyaga kifua cha Ben. Na hata ungewahi, kutoka hapo mpaka huku na kurudi, jua lisingetungoja. Kaka alinikaribisha mwenyewe, kwa sauti, watu wakisikia. Sikuwa na masikio ya kuisikia hata kama ningekuwepo, kwa hiyo asante kwa kuniandikia maneno yenyewe.

Usije wiki hii. Acha bonde likauke. Mimi haraka yangu imekwisha, iliyobaki ni hamu, na hamu inajua kukaa. Funga boliti mpya, mtengenezee Aboth mlango, na ubao wangu uje nao garini.

Ombi moja. Lile shimo ulipong'olewa mgomba, mtu asilifukie. Jembe la kaka liache hapo hapo alipoliachia. Nikifika, nitalifukia mwenyewe.

Baba yako,
Otai