Lango la Uwanja wa Wasichana

Kakuma,
Mwezi wa sita, 2013

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya Mama ipeleke jikoni kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, utaimaliza barua yote kwanza kisha umwambie tu, "Wakesho anasalimia." Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Mimi mwili ni mzima. Malaria iliyonilaza mwezi uliopita imeniacha, ila imeondoka na mashavu yangu. Huku baridi tunaisikia kwa jina. Upepo ukivuma unakuja na mchanga, na mchana maji ya bomba yanatoka yakiwa karibu tayari kwa chai.

Barua yako niliipata Lodwar wiki iliyopita, nilipokwenda ofisi ya shirika letu iliyoko Kanamkemer kuchukua mipira. Umeandika kwamba habari ya mimi kufanywa msimamizi wa michezo umeitangaza kanisani, na Mama akachinja kuku. Niliisoma nimekaa juu ya gunia la mipira, nikalia hadi dereva akadhani kuna msiba nyumbani. Hakuna msiba, Baba. Ila cheo hicho naona aibu kukibeba, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha voliboli, ni haki yako kujua nilivyokipata.

Najua Mjomba anawaambia watu kwamba nalipwa kucheza. Angekuja siku moja tu asimame kwenye jua la saa nane na filimbi mdomoni! Wavulana wa Sudan Kusini hata hawanihitaji. Wape mpira, nenda zako, mechi itachezwa na itakwisha. Kazi yenyewe ni wasichana, hasa wa Kisomali. Mama zao walikataa katakata binti wa miaka kumi na minne arukeruke mbele ya wanaume. Basi mwaka jana, wiki nyingi, nilikuwa nikienda kwa Mama Hodan, ambaye anauza vitambaa sokoni humu kambini kwa wakimbizi na wenzake humsikiliza. Nilikunywa chai yake ya iliki mpaka nikaanza kuiota. Siku moja akawaita wanawake wenzake, akanikalisha katikati.

"Turubai iwe juu, mwanaume asione," akasema. "Mlangoni akae mwanamke. Na picha hakuna."

Nikatoa kalamu niandike. Akaweka mkono juu ya daftari langu.

"Karatasi hapana. Wewe sema hapa, wamama wasikie."

Nikaapa, wamama wakasikia. Mama Hodan akawaambia, "Huyu sasa ni binti yangu."

Uwanja wa voliboli tukauzungushia turubai kwenye miti mirefu. Langoni nikamweka Akiru, mama wa Kiturkana asiye na mzaha, na ufunguo wa kufuli nikabaki nao mimi. Walianza wasichana sita. Kufika Krismasi walikuwa wengi hata ikabidi wacheze kwa zamu. Hodan mwenyewe, binti wa yule mama, ni mrefu kuliko mimi, na mpira wa kuanzia alikuwa akiupiga unatua pale pale alipotaka. Ungemwona, Baba, ungesahau goti. Siku zile nilifurahi kuliko siku zozote tangu nije huku.

Halafu nafasi ya msimamizi ikatangazwa. Niliitaka, sikufichi. Nilikuwa msaidizi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na kila mmoja ukikaribia kwisha chakula hakishuki. Siku moja kabla ya usaili wakaja wageni kutoka Nairobi, na mkubwa wetu akataka wasichana wapigwe picha wakicheza. Nikamweleza nilivyokubaliana na mama zao.

"Hiyo makubaliano iko kwa faili?" akaniuliza.

"Haiko."

"Basi haiko, Wakesho. Ni dakika tano tu."

Alisema kwa upole, hakunitisha hata kidogo. Na mimi ninayeishi kwa fomu, nisiyeweza kutoa mpira mmoja stoo bila sahihi tatu, nikajiambia ni kweli, kisicho kwenye faili hakipo. Nilijua ni uongo hata nilipokuwa nikijiambia.

Tulipofika langoni Akiru alinisalimu "ejok" kama kawaida. Akaona wanaume nyuma yangu, akasimama njiani.

"Si wewe ndio ulisema wanaume hapana? Sasa hawa ni nini?"

Nikamshika mkono nikamsogeza pembeni. Mwanamke mzima, Baba, niliyemweka pale mimi mwenyewe. Nikafungua kufuli.

Wasichana wakakimbilia nguo zao, wengine wakajificha nyuma ya wenzao. Hodan hakukimbia. Alibaki na mpira mikononi, kichwa wazi, akinitazama mimi, wala hakuitazama kamera, mpaka picha ikapigwa.

Kazi nikapata. Barua ya ajira inasema miaka miwili hapa hapa Kakuma, bila kuomba uhamisho, na nikaitia sahihi. Ile nafasi ya Lodwar niliyokuambia, ambayo ingenisogeza karibu na barabara ya kuja nyumbani, sasa siwezi hata kuiulizia. Saa kumi na mbili jioni lazima niwe ndani ya ua wa wafanyakazi, lango likifungwa limefungwa. Kwenda popote ni kungoja msafara wa magari na polisi. Nimekwama, Baba, na hakuna aliyenisukuma. Na mchana nikawa nasimamia uwanja mtupu, maana tangu siku ile hakuna msichana hata mmoja aliyekuja.

Wiki tatu nilijikaza. Kisha nikaenda kwa Mama Hodan. Akanimiminia chai kama zamani, na hilo liliniuma zaidi, heri angenifukuza.

"Mimi hasira sina," akasema. "Lakini wamama wananiuliza mimi. Nilisema wewe binti yangu. Sasa mimi najibu nini?"

"Waite tena," nikamwambia. "Nitajibu mwenyewe."

Wakaja. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumtaja mkubwa, na wageni, na usaili. Nilipoziona nyuso zao yote yakanitoka. Nikasema, "Niliapa mbele yenu, nikavunja kwa sababu nilitaka kazi." Nikaweka ufunguo wa lango mkekani. Wakaongea Kisomali muda mrefu. Hodan alikuwa nyuma ya pazia. Miguu yake niliiona, lakini hakutoka.

Mwishowe Mama Hodan akauchukua ufunguo.

"Watoto watarudi, watacheza," akasema. "Wewe hapana ingia."

Nikakubali. Ofisini sijamwambia mtu. Hii ni wiki ya pili sasa: saa kumi Mama Hodan anafungua kufuli, wasichana wanaingia, na mimi nakaa nje nikisikiliza. Juzi nilisikia kwa mlio tu kwamba kuna mtu anaupiga mpira kwa ngumi badala ya kiganja. Nikasogea hatua mbili nipaze sauti. Akiru akaninyooshea fimbo.

"Simama huko na wanaume."

Nikasimama huko.

Nisalimie Shangazi, yule wa mboga sokoni, na mdogo wangu Mwakio. Mwambie asome, asije akafikiri mpira wa dada yake ni mchezo. Mjomba naye mwambie sasa hata kucheza sichezi. Mama umweleze yote haya taratibu, usimsomee kwa mara moja.

Jana walipokuwa wakitoka, Hodan alipita karibu nami hivi, karibu ya kugusana, akaangalia mbele. Nimebakiwa na mwaka mzima na miezi kumi, Baba. Naomba muda huo utoshe, anisalimie kabla sijaondoka.

Ni mimi binti yako,
Wakesho