Kikombe cha Zafarani

Jumatatu, 8 Mei 1972

Nimesahihisha karatasi tangu asubuhi. Zote zinasema kitu kilekile kuhusu Wagiriki, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha kitu kilekile. Kalamu nyekundu imekwisha wino. Mvua haijakata.

Alasiri Mkuu wa idara, Mzungu, kaniita ofisini. Amesoma pendekezo langu la kozi mpya: mantiki kama inavyosomeshwa pwani, kwa Kiswahili, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Aliuliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kama hii ni falsafa au ni dini. Nikasema mantiki ni mantiki. Akasema bodi itataka kujua nani alimfundisha nani, isije ikawa ni hadithi za nyumbani. Na mwalimu wangu je, amenipa idhini ya kusomesha? Nikasema amenipa. Kwa maandishi? Nikasema barua ninayo.

Sina. Sina idhini, sina barua. Mdomo ulitangulia. Kikao ni tarehe 7 Juni.

Jumatano, 10 Mei

Sijala vizuri siku mbili. Nimelisoma tena pendekezo langu na limenipendeza, jambo linalonitia hofu zaidi. Katika mtaala wetu wote wa falsafa hakuna jina hata moja la mtu aliyezaliwa upande huu wa bahari. Wala la mwanamke. Darasani nina wasichana wanne, wanakaa nyuma karibu na mlango kama watu waliokuja kuaga. Mmoja wao, Consolata, sijapata kuisikia sauti yake.

Nimeandika kwa fahari: "Elimu hii imepokewa katika ukoo wetu, kutoka kwa babu mpaka kwa shangazi yangu." Sentensi nzuri. Itabidi Shangazi aitilie sahihi.

Jumamosi, 13 Mei. Bagamoyo

Basi lilikwama Mpiji, tukashuka wote tukalisukuma. Nimefika na tope mpaka magotini. Shikamoo, marahaba, habari za Dar, kaoge kwanza.

Shangazi Mize ni dada yake baba. Umri wake karibu sabini, na miaka yote ninayoikumbuka amekuwa akiwasomesha wanawake kitabu cha mantiki kila Jumamosi katika ukumbi wa nyuma. Mimi nilikaa kwenye mkeka ule tangu nina miaka tisa mpaka kumi na minne, nilipopata nafasi ya sekondari nikaondoka. Leo walikuwa kumi na mmoja. Bi Shufaa bado anakuja kwa miguu kutoka Kaole, na bado anasinzia kwenye mlango wa tatu wa kitabu.

Walipotawanyika nikamwomba ijaza. Nilizungukazunguka sana kabla ya kufika. Ijaza haitolewi kwa udugu: mwalimu anamruhusu mwanafunzi kusomesha kitabu baada ya kumsikia akikisoma chote, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikiacha katikati. Hakukataa. Alisema tu kwamba nitakisoma, halafu akaniuliza kama ninataka mchuzi wa nazi au samaki wa kukaanga.

Jumapili, 14 Mei

Nimesoma baada ya alfajiri. Nilidhani nitateleza tu, mimi mwenye shahada. Nimepinduliwa kikombe mara tano.

Hii ndiyo desturi yake. Mwanafunzi anaposoma, mbele yake kuna kikombe cha kahawa. Akikosea, Shangazi hasemi neno. Ananyoosha mkono anakipindua kikombe juu ya sinia. Mwanafunzi anarudi mwanzo wa mlango, na kosa analitafuta mwenyewe. Nilipokuwa mtoto nilikiogopa kikombe kile kuliko fimbo ya baba. Bado.

Jumamosi, 20 Mei

Tumefika mlango wa kugeuza kauli. Kila papa ni samaki, lakini si kila samaki ni papa. Mtoto anajua. Shangazi alitaka mfano wangu mwenyewe, si wa kitabuni. Nikasema: kila aliyepewa ijaza ni mwalimu. Nikageuza harakaharaka, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye tarehe saba: kwa hiyo kila mwalimu amepewa ijaza.

Akapindua kikombe. Hilo nilistahili. Lakini mkono wake ulibaki juu ya kikombe muda mrefu, na hakuniambia nianze tena. Aliinuka akaingia ndani. Darasa likaisha hivyo.

Nimemuudhi. Sijui kwa lipi.

Jumapili, 28 Mei

Nimemaliza kitabu. Kikombe hakikupinduliwa hata mara moja leo. Nilingoja. Shangazi alikunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena. Halafu akasema:

"Siwezi kukupa ijaza, mwanangu. Mimi mwenyewe sina."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Babu hakumfundisha. Babu alikuwa akiwasomesha wanawe wa kiume barazani, na Mize mdogo alikuwa hata haruhusiwi kukaa karibu na dirisha. Aliyemfundisha ni Zafarani, mjakazi wa nyumba yetu, aliyekuwa akiwapelekea kahawa. Miaka na miaka Zafarani alisimama pale na birika, akisikia kitabu kikisomwa, kikarudiwa, kikasomwa tena. Akakihifadhi chote. Na kijana alipokosea, naye babu amesinzia, Zafarani hakuwa na ruhusa ya kusema neno mbele ya wanaume. Alikipindua kikombe cha yule kijana akaenda zake. Wale vijana walijifunza kuangalia kikombe. Hakuna aliyethubutu kumwambia baba yake ni nani anayemsahihisha.

Jikoni, usiku huohuo au kesho yake, alimsomesha Mize.

Babu alipofariki watu wakasema binti huyu amerithi elimu ya baba yake. Shangazi hakusema ndiyo wala siyo. Amenyamaza zaidi ya miaka arobaini. Zafarani hakupewa ijaza na mtu, kwa hiyo hakuwa nayo ya kumpa yeye. Mnyororo umekatika pale, na Shangazi anaogopa kwamba kila alilosomesha tangu hapo ni batili.

Nimeahidi sitamwambia mtu. Nimeahidi upesi mno.

Jumatatu, 29 Mei

Naona aibu. Ninataka kuiandika wazi kabla sijaipamba. "Imepokewa katika ukoo wetu." Ukoo wetu ulimmiliki. Chakula alichopika Zafarani nimekula mimi pia, kwa namna fulani. Nyumba ile ninayojivunia milango yake ya nakshi.

Pendekezo limeshapigwa chapa, nakala nane. Ni uongo mara mbili sasa: barua na babu.

Alhamisi, 1 Juni

Nimefikiria kusema ninaumwa. Nimefikiria kuandika barua mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Nani pale atajua mwandiko wa Shangazi? Nilikaa mezani na kalamu mkononi dakika kumi nzima. Halafu nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Jumatano, 7 Juni

Kikao.

Mkuu alisema kozi inavutia kama utamaduni, ila huenda nafasi yake ni idara nyingine. Hilo nililitarajia. Sikumtarajia Ndugu Petro. Petro ni mhadhiri mwenzangu, mtu wa haki, yeye ndiye aliyepiga kelele mwaka jana tuwatoe nusu ya wanafalsafa wa Kijerumani kwenye mtaala. Alisimama akasema tunataka falsafa ya watu wetu kweli, lakini hii si ya watu wetu. Ni elimu ya mabwana wa watumwa wa Bagamoyo. Akaniangalia usoni, kwa heshima kabisa, akauliza:

"Ndugu Salma, waliobebeshwa pembe za ndovu mpaka pwani, wao wako wapi katika kozi hii?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Jina moja tu. Lingemnyamazisha Petro na kumwamsha Mkuu. Niliminya kucha kwenye kiganja mpaka pakatoka alama.

Nikasema barua ya mwalimu wangu haijafika. Kwamba nilikosea kusema ninayo. Kwamba kuna jambo katika ukurasa wa pili si sahihi na ninaomba kuliondoa. Mkuu akavua miwani. Wamenipa wiki mbili, tarehe 21, na sauti ya kunipa wiki mbili ilikuwa ya kunizika.

Sikumtaja. Sijui kama nimefanya wema au woga.

Jumamosi, 10 Juni. Bagamoyo

Nilikwenda kumwambia Shangazi kwamba mambo yamekwisha, asijitaabishe. Akataka kujua lililosemwa, lote, na nani. Nikamweleza ya Petro.

Sijapata kumwona amekasirika hivi. Nilidhani amekasirika kwa ajili ya babu. Alisema huyo kijana amesema kweli kuhusu nyumba yetu, na kwa kuwa yeye amenyamaza, mtu wa kweli amesema uongo kuhusu Zafarani. "Nimemficha ili nisionekane sina mwalimu. Kumbe nimemtumikisha mara ya pili."

Akalia. Mimi nikamtazama tu na ushungi mkononi. Sijui kwa nini sikumshika.

Jumapili, 11 Juni

Atatoa barua. Lakini si kabla ya kuwaambia wanafunzi wake kwa mdomo wake mwenyewe. Haiwezekani wasomi wa Dar wakajua kabla ya Bi Shufaa. Nikamsihi aache. Nikamwambia watamkimbia, na kozi ni kozi tu. Akaniambia nimekwisha kuanza kusema kama mtu anayetaka kumlinda ili asimsikilize.

Nilirudi Dar kichwa kinauma. Ni mimi niliyeyazusha haya, kwa sababu ya sentensi moja ofisini kwa Mzungu.

Jumamosi, 17 Juni. Bagamoyo

Amewaambia. Kumi na mmoja kwenye mkeka, na mimi mlangoni. Alieleza bila kupamba, kama anavyoeleza mlango wa kitabu. Alipomaliza, mke wa mfanyabiashara wa nguo aliinuka, akavaa buibui lake taratibu, akasema yeye hasomeshwi elimu ya jikoni. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiaga vizuri, jambo lililokuwa baya zaidi. Mmoja aliomba radhi mpaka uani.

Waliobaki ni wanne. Bi Shufaa hakuondoka. Alisema bibi yake mzaa mama naye alikuwa mtumwa wa watu, kule Kaole, na hajapata kulisema hilo mahali penye wasikilizaji. Halafu akafungua kitabu. Mlango wa tatu. Hakusinzia.

Jioni Shangazi ameandika. Herufi zimekaa. Nimeinakili hapa ili isinipotee:

"Mimi Mize nimefundishwa kitabu hiki na Bi Zafarani, aliyekuwa mjakazi katika nyumba yetu. Yeye alikisikia kwa masikio yake akiwa amesimama. Hakuna aliyempa ijaza. Kwa hiyo mimi sina ya kumpa Salma kwa jina la walionitangulia, nampa kwa jina langu. Mwenye kuona kasoro na aje nimsomee."

Aliandika "Bi". Nyumbani kwetu hakuna aliyepata kumwita hivyo.

Jumanne, 20 Juni

Sitalala. Kesho. Itakuwaje wakisema barua inathibitisha kwamba hakuna mwalimu? Kwa kanuni zao wenyewe, na kwa kanuni zetu pia, watakuwa sahihi. Shangazi atakuwa amepoteza wanawake saba bure.

Jumatano, 21 Juni

Nimeisoma barua kwa sauti. Nilifika "akiwa amesimama" nikalazimika kunywa maji.

Mkuu aliuliza, kama nilivyoogopa, inakuwaje mwalimu asiye na ijaza. Nikasema: kila aliyepewa ijaza ni mwalimu, haifuati kwamba kila mwalimu amepewa ijaza. Huo ni mlango wa kugeuza kauli, wiki ya nne ya kozi. Mtu mmoja akacheka. Si Mkuu.

Petro aliomba jina tena, akaliandika. Akasema bado ana mashaka na kitabu, hana mashaka na mwalimu. Akanyoosha mkono. Watano kwa watatu. Mwaka mmoja wa majaribio, bila alama za mtihani wa mwisho, chumba kidogo karibu na stoo. Nilikwenda kunawa uso, nikarudi kazini.

Jumapili, 2 Julai. Bagamoyo

Shangazi hakuuliza kura. Aliuliza kama walilitamka jina sawasawa. Mwaliko wa kusoma maulidi kwenye arusi za mtaani, ambao siku zote ulikuwa wake, safari hii kapewa mwingine. Alinieleza hilo huku akichambua mchele, akabadili mazungumzo. Naumia na sina la kufanya. Wanafunzi wake ni wanne bado.

Amenipa kikombe. Cheupe, ukingo una ufa.

Jumatatu, 31 Julai

Wiki ya nne. Wanafunzi kumi na wawili, chumba kina harufu ya chaki na mafuta ya taa kutoka stoo. Kikombe juu ya meza; desturi yake niliwaeleza siku ya kwanza. Juu ya ubao, kushoto, majina mawili ambayo sijayafuta tangu siku ya kwanza: Zafarani, Mize.

Nilikuwa nikieleza kugeuza kauli. Nilikuwa na haraka, Mkuu alikuwa amesema huenda atapita kusikiliza, macho yangu yako mlangoni. Niliandika: baadhi ya wasomi si walimu. Nikaandika chini yake: kwa hiyo baadhi ya walimu si wasomi. Nikaendelea kusema.

Kiti kikasogea nyuma. Consolata alikuja mbele, hakunitazama, akakipindua kikombe, akarudi mahali pake akakaa.

Nilisoma ubao: kauli ya namna ile haigeuzwi. Nikafuta, nikaanza mlango upya.

Mkuu hakupita. Mvua kidogo jioni. Kesho nitamwandikia Shangazi.