Wameukata Mringaringa wa Korongoni

Baba Neema,

Wameukata mringaringa wetu. Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza kukamua, nikasikia msumeno korongoni.

Unakumbuka tulivyougombania? Ulikuwa unakauka tawi moja moja, mimi nikitaka kuni, wewe ukikataa katakata. Siku moja ukanionyesha shimo la shina, limejaa maji meusi ya majani yaliyooza, na humo funza wenye mikia mirefu. "Hawa ni watoto wa wale nzi wenye mistari kama nyuki," ukasema. "Miti mizee ikiisha huku Meru, nao wamekwisha." Kesho yake nikawachota, nikawapa kuku. Ulininunia wiki nzima, kahawa ukawa unanywa kwa jirani.

Tangu ututoke, mimi ndiye niliyekuwa nikishuka kuwaangalia hao nzi wako. Wanasimama hewani kabisa, kama wametundikwa. Sikumwambia mtu.

Basi Jumanne nikakimbia. Walikuwa vijana wa kikundi cha kupanda miti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mnaukata?"

"Umeshakufa huu, mama. Tunasafisha tupande miche."

"Ndani mna watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wa nzi."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Si vijana wabaya, na hilo ndilo linaloniuma: wamekuja kutunza msitu! Nikatafuta maneno yako, sikuyapata. Uliponieleza mara zote zile, mimi nilikuwa nawaza kuni. Nikaishia kusema, "Mume wangu aliwapenda." Wakanipa pole, msumeno ukawashwa tena.

Nina hasira, Baba Neema. Nao, na mimi mwenyewe, na wewe pia. Mambo mazito namna ile unamsimulia mke mmoja mbishi jikoni, kwenye mkutano wa kijiji unakaa kimya!

Mti ulipoanguka, lile tope la shimoni likamwagika pamoja na funza wake. Nikalizoa kwa mikono, nusu ndoo, nikapanda nalo hadi ukingoni mwa msitu, na goti hili unalolijua. Nikalimimina kwenye shimo la mti mwingine mkongwe. Nimerudi mara mbili, sijaona kitu.

Alhamisi kuna mkutano. Nimeomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti akauliza, "Kuhusu nini, mama?" Nikamwambia, kuhusu nzi. Akauliza tena, nikarudia. Amecheka, lakini ameandika.

Wewe pumzika. Kelele sasa niachie mimi.

Mkeo mbishi,
Mama Neema