Mwambie Mama Mimi si Daktari

Glasgow,
Jumapili alasiri

Dada yangu Jerono,

Salamu zako zilinifikia Jumatano, kurasa mbili nzima za salamu. Ng'ombe wako salama, mahindi yamebeba vizuri, wewe na shemeji hamjambo, watoto hawajambo, na Mama hajambo kabisa, anauliza kama ninakula. Nilisoma nikitabasamu kama mjinga. Halafu pale chini, karatasi ikiisha, ukaandika kwa herufi ndogo kwamba Mama ana uvimbe kwenye titi tangu kabla ya kupanda, na sasa umekuwa kama kiazi. Wewe ni mwalimu, Jerono. Mtoto akikuletea insha ya namna hiyo unamchapa.

Mimi nina afya, kama bado unataka kujua. Ninakula.

Katika ile barua ya mwanzo wa mwaka ulimsifia Mama jinsi alivyosimama kwenye mlolongo wa kura kuanzia asubuhi hadi saa saba, hakuketi hata mara moja. Nilimsimulia kila mtu hapa. Kumbe alisimama na kitu hicho amekifunga kwa leso ndani ya gauni, na hukuniambia.

Sasa unasema daktari wa Eldoret alitaka kumpasua wiki ileile aliyompima, naye akakataa. Maneno yake uliyoniandikia nimeyasoma mpaka nimeyakariri: "Mimi siwezi katwa na hako kadaktari. Kibet wangu ni daktari wa kansa huko ng'ambo. Mwambie alete ile sindano yao, mimi nitangoja tu hadi Krismasi." Na akina mama wa kanisa wakasema amina.

Basi keti, Jerono. Mimi si daktari. Mtihani wa udaktari wa mwaka wa kwanza nilianguka, nikarudia, nikaanguka tena. Ninafanya kazi kwenye maabara ya kansa, hilo ni kweli. Ninaosha vizimba vya panya, ninawalisha, na wakishamaliza kazi yao ninawaua. Ile picha mliyotundika sebuleni, nimevaa koti jeupe na chupa mkononi, ni koti la kazi. Hapa hata anayepiga deki analo. Niliituma kwa sababu Mama aliuliza naendeleaje, nami niliona aibu kumjibu. Baadaye ikawa vigumu kurudi nyuma. Niliupenda uongo huo, sitakuficha. Kila barua iliyoandikwa "Kwa Daktari Kibet" niliiweka mezani ili wenzangu waione.

Lakini nikiwa naosha nina masikio, na profesa wetu anapenda kuongea. Nitakueleza nilichoelewa, umweleze Mama kwa lugha ya nyumbani. Damu ina chembe nyeupe zinazozunguka mwilini zikilinda. Kila moja ina vipokezi juu ya ngozi yake, vitu vidogo vya kupapasia. Nazo chembe nyingine zote za mwili huchukua vipande vya kile zinachotengeneza ndani, zikaviweka nje ili vipapaswe. Mlinzi akikuta kipande cha kigeni, anaua hapohapo. Ni kama yule mzee anayepima maziwa pale Cheptiret. Anatumbukiza kipimo chake kwenye mkebe, na ukiwa umetia maji anakurudisha mbele ya watu wote.

Sasa kansa ni mjanja. Nyingine huacha kabisa kuweka kitu nje. Na mzee wa maziwa hupima mikebe iliyoletwa tu, hamfuati mtu nyumbani kumwuliza mbona leo hukuleta. Mlinzi anapapasa, hakuti kitu, anapita zake, na uvimbe unakua palepale ubavuni pake. Profesa anasema kuna walinzi wengine wanaomshuku asiyeonyesha kitu, lakini hao nao huzidiwa.

Hiyo sindano anayoingoja ipo, kwa panya. Wanatoa chembe nyeupe, wanazilisha kwenye chupa mpaka ziwe jeshi, wanazirudisha mwilini. Kuna panya mmoja jike uvimbe wake uliyeyuka wote, nikaruka mbele ya kizimba nikipiga makofi kama nimefunga bao. Ulirudi. Safari hii ulikuwa umejificha, na lile jeshi liliupita kama halioni. Nilimuua mwenyewe, ndiyo kazi yangu, na mkononi mwangu uvimbe wake ulikuwa mzito kuliko yeye. Mama akitaka kujua mwanawe anafanya nini ng'ambo, ni hayo.

Kisu hakihitaji kansa ijionyeshe. Hako kadaktari ka Eldoret kanauona uvimbe kwa macho na kuushika kwa vidole. Kama haujatambaa kwenda mbali, kanaweza kuutoa. Mimi siwezi, wala profesa hawezi.

Usimsomee barua hii mkiwa wawili. Ataikunja, ataiweka kifuani pamoja na hicho kitu chake, na kesho atasema Kibet anakuja. Ngoja Alhamisi, akina mama wa kanisa wakiwa wamejaa sebuleni na chai iko mikononi. Msomee yote kwa sauti, na hapo penye vizimba usiruke. Najua ataona haya mpaka atake kufa. Bora aone haya. Picha uiteremshe siku hiyohiyo.

Nisalimie shemeji, mwambie nitamhitaji awe mkali. Msalimie yule mama mwenye duka kutoka Nyeri, anayewasomea wateja wake barua zangu. Hii pia amsomee anayetaka. Watoto waambie mjomba wao anafuga panya, watafurahi.

Jambo la mwisho likate kwenye karatasi kabla hujawasomea, usimwambie mtu ila Mama. Ruhusa ya Krismasi nilikuwa nimepewa. Nimeirudisha. Nikija atangoja nifike, na nikifika atanivua koti na kuniwekea kisu mkononi mbele ya wageni. Mwambie nimekataa kumwona mpaka apasuliwe, na kwamba asipopasuliwa asinitarajie hata mazishini. Nimemaanisha.

Akilia, alilie njiani kwenda hospitali.

Ni mimi mdogo wako,
Kibet