Kisu cha Kuchongea Kalamu

Ampisikina, Mahajanga
Alhamisi, 14 Mei 1981. Asubuhi mbingu nyeupe, upepo wa vumbi.

Kaka yangu Mikidache,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na wifi Kouraichia mmeamka salama huko Marodoka, na kifua chako kimetulia. Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu Baba aondoke. Arobaini yake tuliisoma Jumapili iliyopita, tulikuwa watu tisa. Wangalikuwapo wenzetu waliosafirishwa Ngazija baada ya mauaji ya ile Desemba, uani pasingalitosha.

Nimempa Chaïbou wa meli ya mizigo akuletee vitu viwili: karatasi za msahafu ambao Baba alikuwa akiunakili, na kisu chake cha kukunja. Baba alifika mwisho wa juzuu ya ishirini na mbili. Siku mbili kabla hajafa aliniambia, "Mkono wa Mikidache ni mkono wangu. Amalize yeye." Hapa hajabaki mtu mwenye mwandiko ule. Watoto wa mtaani ni Kimalagasi na Kifaransa tu, na lugha hii ya Baba sijui kama kuna wengine wanaoandikiana nayo zaidi yetu sisi wawili.

Kisu usimwazime mtu. Tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita, kila Ijumaa kazi yangu ilikuwa kukisafisha, naye akikifungua huniambia, "Sikiliza." Ule ulimi wa chuma mgongoni mwa mpini ukianguka ndani ya pengo lake, unalia ta! Hapo bapa limeshika, halijikunji. Asipoisikia hiyo ta, Baba hachongi kalamu.

Mdogo wako,
Hachimia


Marodoka, Nosy Be
20 Juni 1981

Kwa Bibi Karani, mdogo wangu,

Wa alaykumu salaam. Sisi hatujambo, kifua kinakohoa kwa mazoea tu. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama bado unaandika daftarini hali ya hewa na saa uliyolala, na kama siku ya kufa utaamka kidogo uandike na hiyo.

Karatasi zimefika kavu. Nilipouona mwandiko wa Baba nilitoka nje kwanza, kisha nikarudi. Nimekwisha kuanza juzuu ya ishirini na tatu. Mzee Saindou wa msikitini anasema siku nitakayomaliza, msahafu huu utakaa mahali pa ule wa zamani ulioliwa na mchwa. Kila Ijumaa ananiuliza, "Umefika wapi, fundi? Mimi sina miaka ya kukungoja." Nikimwambia, anahesabu zilizobaki kwa vidole.

Lakini kisu kinanisumbua. Wino wangu unaujua, masizi na gundi ya mti. Vidole vinaupaka mpini, na unga wa matete ya kalamu unaingia bawabani na kushikana humo. Juzi ulimi ulisimama nusu ya njia, bapa likarudi likanichuna gumba. Kouraichia akacheka, "Kisu hiki kinamheshimu Hachimia peke yake." Wewe ulikuwa ukifanyaje? Nieleze kama unavyomweleza mtoto.

Kaka yako,
Mikidache


Ampisikina
11 Julai 1981. Asubuhi baridi kidogo, anga safi.

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi baada ya dua. Pole ya gumba. Mimi sijambo, na shuleni ninakofundisha imebaki wiki moja tu kabla ya likizo. Mwambie wifi siku ya kufa nitamwachia yeye aandike.

Kisu ni hivi. Kifungue wazi kabisa, ukielekeze chini, ukigonge mpini juu ya kiganja mpaka unga utoke. Chonga kijiti cha mwanzi chembamba, kizungushie kitambaa chenye maji ya moto na sabuni, ukisugue bawaba na pande zote mbili za ulimi. Pengo ndilo lenye hila. Ukoko wa gundi hukaa chini kabisa, huuoni mpaka ukiweke kisu juani na kukiinamisha. Ukwangue wote, kwani ulimi usipofika chini ya pengo haujashika, hata kama kwa macho unaonekana umeshika. Suuza, futa, kiache juani mpaka adhuhuri kikiwa wazi. Usikifunge kina maji.

Mwisho ni mafuta, tone moja bawabani na moja pengoni. Baba alitumia ya cherehani, lakini mwaka huu mtaa wote wa Mahabibo hayapatikani, nimezunguka maduka sita. Tumia ya nazi. Ni mafuta safi, tunayala na tunajipaka, hayawezi kudhuru chuma.

Fanya kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, usiruke hata moja.

Mdogo wako,
Hachimia


Marodoka
2 Oktoba 1981

Mdogo wangu, mwalimu wangu,

Baada ya salamu, sisi wazima na tunakuombea uzima. Nimefuata kila neno. Kisu sasa kinafunguka kama mlango wa tajiri aliyekuona na zawadi mkononi. Kinanukia pia. Wanafunzi wangu wa chuo cha Kurani wanasema kalamu zao zina harufu ya wali wa nazi, na mmoja nimemkuta anailamba.

Nimemaliza juzuu ya ishirini na tano. Mzee Saindou ameshika vidole vitano na kuniambia, "Mkono mmoja tu umebaki."

Kitu kimoja tu. Ile ta imekuwa ya upole. Ni kama mtu anayeweka kikombe juu ya mkeka. Ni sawa?

Kaka yako,
Mikidache


Ampisikina
25 Oktoba 1981. Asubuhi joto, mawingu upande wa bahari.

Kaka yangu,

Salaam na heri. Nina haraka, Chaïbou anaondoka saa nne. Hiyo sauti ya upole ni mafuta tu, usihofu. Endelea vivyo hivyo.

Mdogo wako,
Hachimia


Marodoka
30 Agosti 1982

Mdogo wangu,

Salaam. Herufi hizi ni za mkono wa kushoto. Zisome polepole.

Asubuhi ya tarehe 22 Julai kulikuwa na baridi. Nilifungua kisu, nikaona kimekaa. Nikabonyeza kukata ncha ya kalamu. Bapa likajikunja juu ya vidole vyangu.

Vitatu. Hospitali walishona ngozi. Kano za ndani hazikushonwa, aliyezijua kazi hizo hakuwapo. Sasa jeraha limefunga na vidole vimekufa. Kidole cha shahada hakinyanyuki hata nikiwa kwenye tahiyatu.

Msahafu umesimama juzuu ya ishirini na saba, mstari wa nne wa ukurasa wa kwanza. Kwa kushoto naweza kukuandikia wewe. Kitabu, hapana. Sikiandiki kwa mkono huu, usiniombe.

Kosa ni langu. Ijumaa moja sikukisafisha, nilikwenda kula pilau ya harusi.

Kaka yako


Ampisikina
19 Septemba 1982. Asubuhi shwari, umande mwingi.

Kaka yangu mpenzi,

Salaam na pole, na pole tena. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa. Muombe wifi akukande vidole kwa maji ya moto asubuhi na jioni, huenda vikalainika. Usijilaumu kwa pilau. Kisu kiweke mbali, usikitumie tena. Likizo ijayo nikipata ruhusa nitakuja.

Mdogo wako,
Hachimia

(Hili halimo katika barua, nimeliandika chini ya nakala yangu. Baada ya kuitoa barua nimeyashusha madaftari ya zamani. Nimepata: "Ijumaa, 6 Juni 1969. Asubuhi jua. Nimesafisha kisu. Nilitaka kutia mafuta ya nazi, Baba amenishika mkono. Amesema ya nazi huganda kwa baridi na hugeuka gundi, ulimi hulala juu yake ukadhani umeshika. Ya cherehani tu." Ni mwandiko wangu. Na mstari chini yake nilipiga siku ile ile.)


Marodoka
8 Machi 1983

Mdogo wangu,

Wa alaykumu salaam. Barua hii anaiandika Kouraichia, mkono wa kushoto umechoka na mimi pia. Yeye mzima. Likizo ilipita hukuja, sikulaumu, safari ni ndefu.

Chuo kimefungwa. Wazazi hawakunifukuza, waliwatoa watoto mmoja mmoja kwa adabu. Mwalimu asiyeweza kuandika ubaoni atafundisha nini? Mzee Saindou bado ananipitia. Haniulizi tena nimefika wapi.

Nakurudishia kisu kwa mkono wa Chaïbou. Ni safi. Sikukitumia tena lakini kila Ijumaa nimekisugua na kukitia mafuta ya nazi kama ulivyoniagiza, Kouraichia akinishikia mpini. Nimeogopa kuruka nyingine.

Naomba uniambie jambo moja, kwani wewe ndiwe unayekijua kisu hiki. Ni ile Ijumaa ya pilau? Usiku silali kwa ajili yake. Nasema, Mungu alinipa kazi ya Baba na mimi nikaiuza kwa sahani ya pilau. Ukiniambia ndiyo, nitajua. Ukiniambia siyo, pia nitajua.

(Wifi, haya ni yangu. Mjibu haraka. Hali chakula vizuri. K.)

Kaka yako,
Mikidache


Ampisikina
3 Aprili 1983. Asubuhi mvua nyembamba, imekatika saa tatu.

Kaka yangu Mikidache,

Assalaam alaykum. Sitauliza hali yako, umekwisha kuniambia.

Siyo Ijumaa ya pilau. Hata ungeliruka Ijumaa kumi, masizi peke yake yangelikwama na ungeliyaona. Ni mafuta ya nazi. Kila Ijumaa uliyonitii uliongeza tone, na kila tone likaganda chini ya ulimi. Ungelikuwa mvivu zaidi, ungelikuwa na vidole vyako.

Na mimi nilijua. Baba aliniambia mwaka 1969 na niliandika daftarini. Yule msichana aliandika ili asisahau, kisha akasahau. Ningalifungua daftari siku ile badala ya kuzunguka maduka, ningaliona. Uliponiambia ta imekuwa ya upole, nilikujibu usihofu, kwa sababu Chaïbou alikuwa anaondoka saa nne.

Hili nimelijua tangu Septemba. Ulipojilaumu nilikuacha ujilaumu miezi sita. Nilipata ruhusa ya likizo, kaka. Sikuja kwa sababu ningalikuona mkono.

Kisu kimefika. Nimekifungua na kunusa. Chini ya pengo pana ukoko wa manjano, mgumu kama ukucha.

Nisamehe au usinisamehe, lakini pilau yako uile bila hatia.

Mdogo wako,
Hachimia


Ampisikina
18 Novemba 1984. Asubuhi joto zito, radi mbali, mvua haikunyesha.

Kaka yangu,

Assalaam alaykum wewe na wifi. Mimi mzima. Hii ni barua ya nne tangu ile ya Aprili mwaka jana, na jibu sijaliona.

Jana Chaïbou amerudi. Nilimsimamisha mlangoni kabla hajatua mzigo.

"Umemwona?"

"Nimemkuta barazani. Nikamwambia, fundi, barua za dada yako umezipata? Akasema, nimezipata."

"Basi?"

"Nikamwambia, ananiuliza kila safari, nimpelekee nini? Akasema, mwambie nimezipata. Kisha akaniuliza kama mvua zimeanza Mahajanga."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado."

Chaïbou anasema unakula na umenenepa. Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona haya kwamba nimeshukuru. Anasema Mzee Saindou amezikwa mwezi huu wa Safar, na karatasi mmezifunga kitambaa cheupe, ziko rafuni msikitini, juzuu ishirini na sita na mistari mitatu na nusu. Anasema hakuna anayezishusha, kwani hakuna wa kuziendeleza.

Mafuta ya cherehani yamepatikana wiki hii. Nimekwangua ukoko wote kwa kijiti cha mwanzi, nimeosha, nimeanika, nimetia tone moja na tone moja. Nimekifungua mara saba, na mara saba kimelia ta! Kimeshika. Humu ndani hamna kalamu ya kuchonga, na aliyekuwa akiniambia nisikilize hayupo.

Mvua bado hazijaanza. Ukitaka kujua, niulize mimi.

Mdogo wako,
Hachimia

(Chini ya nakala yangu: nimepata usingizi saa tisa usiku na dakika ishirini.)